Malezi Yaliyopimwa Siku za Mbalamwezi

Nimestaafu. Mliniaga kwa keki, saa ya ukutani na hotuba iliyosema kwamba nilikuwa "mlezi wa idara". Sikumlea mtu pale ofisini. Nilikuwa mtafiti wa malezi na sera za familia, tena hodari kuliko wote mliowahi kukaa nao meza moja, na kwa kuwa hakuna aliyelisema hilo siku ile, nalisema mwenyewe. Wawili kati yenu mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi niliyojifunza ufukweni. Nawaandikia. Vyeo na mishahara nitaviruka: vyeo vilichelewa, na mishahara ilikuwa aibu ya walioilipa, si yangu. Wala msitegemee sauti ya bibi aliyetulia kibarazani na kahawa yake. Nina hasira, na sababu yake mtaiona.

Mimi ni mtoto wa Ujiji, binti wa fundi cherehani. Nilipomaliza darasa la saba nilipanda treni kwenda Dar es Salaam kulea watoto wa watu. Nazijua hadithi za mabinti waliopotelea huko, mimi sikupotea. Nililea watoto wanne wa nyumba moja mpaka wa mwisho akaanza shule, jioni nikisoma masomo ya watu wazima. Nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu, nikaenda chuo, nikatoka na diploma ya ustawi wa jamii. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilirudi Kigoma kwa reli ileile, na godoro, redio na diploma yangu ndani ya bahasha ya nailoni. Majirani waliokuja stesheni waliangalia godoro. Baba aliomba aione bahasha, na ingawa hakujua Kiingereza kilichoandikwa ndani, aliisoma kwa muda mrefu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa Mzee Bukuru awe msimamizi wangu. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kasulu, mrefu, mwenye meno machache na subira nyingi. Tulikuwa tunakwenda Mwamgongo kwa boti. Kabla hatujapanda, aliomba mkoba wangu, akaufungua mbele za watu, akatoa kalamu zangu zote za wino na kunipa penseli.

"Shikamoo ya pili hiyo, Mzee?" nikamuuliza, maana nilikuwa nimevaa vizuri na sikupenda kupekuliwa.

"Marahaba. Ziwa halijui kusoma, binti, lakini kufuta linajua. Wimbi moja likirukia wino wako, kaya nzima imekufa."

Tulipofika, nyumba ya kwanza nilimkuta mama anamenya muhogo. Mtoto wake mchanga alikuwa mgongoni mwa binti mdogo aliyesimama mlangoni. Nikasoma swali kama lilivyoandikwa: "Nani anamlea mtoto huyu?"

"Mimi," akajibu mama.

Nikaandika mama. Mzee Bukuru akajikohoza, akaketi kwenye kinu kilicholazwa, akaanza yeye.

"Mama, jana mchana huyu alilishwa na nani?"

"Na dada yake huyo."

"Aliogeshwa na nani?"

"Dada yake."

"Alipolia?"

"Alikuwa naye dada yake, mimi nilikuwa ufukweni."

"Sasa nani anamlea?"

"We mzee vipi? Si nimeshasema? Mimi!"

Mama yule hakusema uongo. Kulea, kwa mwanamke wa huku, ni cheo chake ndani ya nyumba. Ukimuuliza nani analea ni kama umemuuliza kama bado yu hai. Mzee Bukuru aliniambia tukiwa njiani kurudi: "Usiulize cheo. Uliza mikono." Nimefanya kazi maisha yangu yote kwa maneno hayo. Bado naona madodoso yenu yanauliza cheo, kwenye vishikwambi vya bei mbaya.

Chombo changu kingine kilikuwa maharage. Mliyacheka sana. Unampa mama konzi ya maharage, unachora duara chini, unamwambia: haya ni mchana wako wa jana, yagawe. Haya ya kutafuta maji, haya ya shamba, haya ya samaki, haya ya mtoto. Mwanamke ambaye hajawahi kushika saa atakugawia siku yake kwa haki kuliko mhasibu. Atayasogeza, atayarudisha, atabishana na jirani yake, na katika kubishana ndipo utasikia ukweli. Ninyi mnasema mbinu hii ni ya zamani. Hata ugali ni wa zamani.

Sasa niwape kesi ngumu. Kuna kijiji mbele kidogo ya Ilagala, upande ambako mto Malagarasi unaingia ziwani. Sitakitaja, wenyewe wanajijua. Tulifika pale siku chache baada ya mtoto wa kiume, aliyekuwa ndio kwanza anatembea, kuchukuliwa na maji. Alikuwa mikononi mwa dada yake Anjelina, aliyekuwa darasa la tatu na hakwenda shule siku hiyo kwa sababu mama yao alikuwa akianika dagaa. Anjelina aligeuka kumfukuza kuku aliyekuwa anadonoa dagaa za watu. Alipogeuka tena, ufukwe ulikuwa mtupu.

Fomu yetu ilikuwa na sehemu ya mlezi aliyekuwepo wakati wa tukio. Anjelina aliketishwa mbele yangu kwenye mkeka, amevaa gauni la kanisani kama mtu aliyeitwa barazani. Nikaanza kumuuliza. Mzee Bukuru akaweka kiganja juu ya karatasi yangu.

"Funga."

"Mzee, yamebaki maswali machache."

"Nimesema funga. Huyu si mlezi. Huyu ni mtoto mwingine."

Tuliiacha sehemu hiyo wazi. Ofisini waliturudishia fomu na alama nyekundu, kwamba tumekosea kujaza.

Bibi wa mtoto aliyekufa aliitwa Mama Kabura. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mawimbi. Baada ya matanga alikwenda kwenye ghala la nyavu la ushirika wa wavuvi uliokwisha kufa zamani, akavunja kufuli mbele ya mwenyekiti wa kijiji, akafagia popo na mavi ya mbuzi, akatandika mikeka. Akawaambia wanawake wenzake kwamba kuanzia giza lijalo hakuna mtoto atakayekaa mchangani na mtoto mwenzake. Waleteni hapa.

Ngoja nieleze giza, kwa ajili ya wale wenu mliohamishiwa huku kutoka mikoa isiyo na ziwa na hamkuuliza. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za sola. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hupumzika. Siku hizo watu wa ufukweni huziita mwezi. Nyingine zote ni giza. Wakati wa giza mitumbwi hurudi alfajiri imejaa, na mwanamke asiyekuwepo inapogusa mchanga hana biashara. Atanunua, ataosha, ataanika, atageuza, atafukuza kunguru na kuku, ataanua kabla ya mvua, mpaka jua linazama. Kijiji kina maisha mawili, na mtoto ana mama wawili: wa mwezi anayembeba, na wa giza anayepita mbio.

Ghala la Mama Kabura likafanya kazi miaka mingi. Wakati wa giza lilijaa, wakati wa mwezi lilifungwa. Akina mama walimlipa kwa bakuli la dagaa, na mwenye mawese alileta mawese. Akamchukua msaidizi mmoja, kisha wa pili. Anjelina akarudi darasani na mabinti wengine wakarudi. Nililiandikia taarifa ghala lile mara nyingi, taarifa nzuri, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana navijua vyote viwili.

Kisha akaja mfanyabiashara mmoja wa samaki aliyelitaka ghala liwe la barafu. Kijiji kikagawanyika. Suala likapanda juu, na kamati iliyopewa kazi ya kuamua ikasema haiwezi kuamua kwa maneno matupu, ufanyike utafiti. Ukionyesha kwamba watoto wa ufukweni wanahitaji mahali pa kulelewa, ghala litabaki la watoto na walezi watapata posho. Usipoonyesha, litakwenda kwenye barafu. Utafiti huo tulipewa sisi.

Mzee Bukuru alikuwa ameshazikwa Kasulu. Mkuu wa utafiti alikuwa Dokta Gervas, mnayemjua, mtu mpole, msafi, anayesema "asante sana" hata kwa dereva. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mtu mbaya, hasira yangu ingekuwa na mahali pa kukaa. Alizungumza kwa simu na mtendaji wa kijiji, na mtendaji akamshauri aje wiki fulani kwa sababu watu wote watakuwa nyumbani. Dokta akafurahi, akaipigia mstari kwenye kalenda ya ukutani. Nikaiangalia ile kalenda, nikanyoosha mkono.

"Dokta, wiki hiyo ni ya mwezi."

"Mwezi upi tena, Dada Mwamvua?"

"Wa juu. Mitumbwi haitoki."

"Safi kabisa! Kwa hiyo tutawakuta."

"Tutawakuta, ndiyo shida. Twende giza likiingia."

"Giza likiingia watakuwa ufukweni, hatutapata wahojiwa."

"Si ndiyo jibu lenyewe hilo?"

Akatabasamu, akawageukia ninyi wengine. "Dada Mwamvua, sisi tunatafiti malezi. Hatutafiti samaki."

Mlicheka. Nawakumbuka kwa majina.

Basi tukaenda wakati wa mwezi, na tukakuta pepo ya duniani. Akina mama wamekaa vibarazani wanasukana, watoto wamewalalia mapajani. Wanaume wamerudi kutoka majini, wanashona nyavu, watoto wanawapanda migongoni. Kila nyumba tuliyobisha, mama alikuwepo. Dokta alitembea kijijini kama bwana harusi. Nami, kwa kuwa sijui kufanya kazi vibaya, niliisimamia timu yangu vizuri mno. Hakukuwa na fomu yenye doa. Tuliukusanya uongo kwa usafi ambao sijawahi kuuona.

Neema, mdogo wenu aliyekuwa ndio kwanza ameajiriwa, alimhoji mvuvi mmoja, Baba Toyi, aliyekuwa amempakata mwanawe huku sindano ya nyavu iko mkononi.

"Kaka, huwa unamsaidia mama kulea?"

"Sana, mdogo wangu! Mimi ndiye yaya wa nyumba hii."

Mkewe akauliza kutoka jikoni: "Mwaka gani?"

Tulicheka sote, na Baba Toyi alicheka kuliko wote. Fomu ilikuwa na sehemu ya "sana". Sehemu ya "mwaka gani" haikuwepo.

Mama Kabura nilimhoji mwenyewe. Nikammwagia maharage, nikamwambia agawe mchana wa jana. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake amevaa shati kinyume.

"Mwamvua, unamuuliza mimi yupi? Wa mwezi au wa giza?"

"Dodoso linauliza siku saba zilizopita, mama."

"Siku saba zilizopita nimelala. Andika kwamba Mama Kabura hulala."

Nikafanya nilivyofundishwa. Nikachora maduara mawili, moja la mwezi na moja la giza, na akayagawa yote mawili. La giza lilikuwa na maharage mengi upande wa watoto wa watu na mawili tu upande wake mwenyewe. Moja la kula, akasema, na jingine la kuugua. Nikafanya hivyo kwa akina mama wote niliowahoji. Dokta akaniambia kwa upole kwamba duara la pili liko nje ya dodoso.

Kisha akaomba aonyeshwe kituo. Mama Kabura akafungua ghala. Mikeka ilikuwa imekunjwa, vikombe vimepangwa, mbuzi mmoja amelala mlangoni kwenye kivuli.

"Mbona hakuna mtoto hata mmoja?" Dokta akauliza.

"Baba, mama zao wapo. Nikawanyang'anye?"

Dokta akaandika kwamba kituo hakitumiki.

Ripoti ilitoka na jalada la rangi. Picha ya jalada ilikuwa Baba Toyi, mtoto mapajani, ziwa nyuma yake. Ndani ilisema akina mama wa ufukweni wana muda wa kutosha na watoto wao. Ikawasifu akina baba wa ziwani kwa kushiriki malezi, wawe mfano kwa wengine. Ikapendekeza jengo lisilotumika litumike kwa shughuli za uchumi. Ukurasa wangu wa maduara mawili ulihamishiwa kwenye viambatisho, kisha viambatisho vikapunguzwa, na ndivyo ulivyokufa.

Mnadhani nilinyamaza? Nilikuwa naendesha ratiba ya gari la ofisi. Dokta alipotaka kwenda kuwasomea wanakijiji matokeo kabla ya kikao cha kamati, tarehe niliichagua mimi. Nikamwambia tuondoke mapema tuwahi kivuli. Tulifika kunakucha, siku za giza zilikuwa katikati, na mitumbwi ndiyo ilikuwa inaingia.

Hamjaona kitu kama kile ninyi wa ofisini. Wanawake ndani ya maji mpaka kiunoni, beseni kichwani, kila mmoja anapiga kelele jina la nahodha wake. Dagaa zinamwagwa, zinang'aa, zinagombewa. Dokta alisimama mchangani na viatu vyake vya kikao, mkoba begani, mikono mitupu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakimbilia upande wa ghala na mtoto mkononi akasikia mtumbwi wake unaitwa nyuma yake. Akasimama, akaangalia ghala, lilikuwa mbali. Akaangalia mtumbwi. Akamwangalia Dokta.

"Baba, shika huyu."

"Mama, mimi ni mgeni hapa, mimi..."

"Mikono si unayo? Mpeleke kwa Mama Kabura!" Akamtia mtoto kifuani pake, akageuka.

"Mama! Anaitwa nani?"

Alikuwa ameshaingia majini. Mtoto akamkojolea, kisha akaanza kulia. Wanawake wawili waliopita na beseni wakamwambia, "Mtikise, baba, mtikise, huyo si faili!" Nikasimama pembeni wala sikumsaidia. Nilitaka atembee mwenyewe. Na alitembea, ufukwe mzima, akipitwa na mabinti wadogo waliobeba watoto wakielekea kulekule, mpaka mlangoni pa ghala.

Ndani hapakuwa na pa kuweka mguu. Watoto wamekaa mstari wanakunywa uji, wengine wamelala, msaidizi mmoja anafuta pua, mwingine anaimba. Mama Kabura alimwona Dokta akafuta mikono kwenye kanga.

"Karibu, baba. Wa nani huyo?"

"Sijui, mama. Amenipa tu."

"Basi leo ni wako. Mlaze pale, kisha mshikie kikombe huyu, anamwaga."

Daktari wa falsafa akashika kikombe. Alikaa pale mpaka uji ulipokwisha. Mabinti walioleta wadogo zao waliosha miguu kwenye ndoo mlangoni, wakachukua madaftari yao yaliyokuwa yamefichwa juu ya boriti, wakaenda shule. Aliwaona wakienda. Nilihakikisha amewaona.

Ndani ya gari alikuwa akijipangusa shati mpaka tulipokaribia mjini. Kisha akasema, "Dada Mwamvua, umenionyesha kitu kikubwa. Asante sana." Nikanyoosha miguu yangu. Nikaamini tumeshinda, na nikamwambia dereva apitie Ujiji ninunue samaki wa sherehe.

Kwenye kikao cha kamati Dokta alisimama, akafungua ripoti, akaisoma ileile. Jalada lilelile, Baba Toyi yuleyule. Hakuna neno lililobadilika. Nilimfuata wakati wa mapumziko ya chai, kwenye korido.

"Dokta, umesoma nini kile?"

"Ripoti imeshapokewa na wafadhili, dada yangu. Kubadilisha matokeo sasa ni kusema utafiti wote haukuwa sahihi."

"Haukuwa sahihi."

"Tutaandika mapendekezo ya utafiti mwingine. Mambo haya yanakwenda hatua kwa hatua."

"Na ghala litakwenda hatua gani?"

Akaniomba nipunguze sauti. Sikupunguza. Tuliporudi ndani nilinyoosha mkono na nikasimama kabla sijaruhusiwa. Nikawaeleza mwezi na giza kama nilivyowaeleza ninyi hapo juu, kwa ufupi na kwa Kiswahili safi. Nikasema wahojiwa wetu walisema kweli, ila tuliwauliza siku ambayo swali letu halikuwa na maana. Nikasema ghala lile lilizaliwa na maiti ya mtoto.

Mwenyekiti wa kamati akauliza, "Wewe ni nani katika utafiti huu?"

"Mimi ndiye niliyeufanya."

"Ripoti inaonyesha jina la Dokta."

"Ndiye aliyeusoma."

Dokta akasema kwa upole wake, "Mheshimiwa mwenyekiti, anachokisema dada yetu ni uzoefu, na tunauheshimu. Lakini ripoti ni ushahidi."

"Dokta," nikamwambia, "yule mtoto aliyekukojolea ni uzoefu au ushahidi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Walicheka, kisha wakaamua. Ghala likapewa barafu.

Niliwapelekea habari mwenyewe, sikutaka waisikie kwa mtendaji. Mama Kabura alikuwa anachambua maharage uani kwake. Aliniacha nimalize.

"Ulisema?"

"Nilisema, mama. Nilisema yote."

"Walikusikia?"

"Walicheka."

Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Kaa basi, ule," na hilo ndilo lililonikata, maana nilikuwa nimekuja nikiwa tayari kutukanwa.

Giza lililofuata mashine ya barafu ilikuwa inanguruma ndani ya ghala. Mama Kabura aliwachukua uani kwake wale walioweza kuenea, wasiotembea kwanza. Waliobaki walirudi migongoni mwa dada zao, mchangani, kando ya maji. Nilikwenda shuleni kuuliza. Mwalimu wa darasa la tatu alinionyesha madawati, akasema, "Mama, siku za mwezi hawa wanatosha darasa. Siku za giza nafundisha wavulana." Mpaka naandika hapa, hali ni hiyohiyo. Hakuna mtoto aliyekufa bado. Nimeliandika neno "bado" na sitalifuta.

Kwa hiyo, vijana, haya ndiyo niliyojifunza. Familia haina siku ya kawaida. Kabla ya kuuliza maswali, uliza watu hawa wanaishi kwa kalenda gani: ya dagaa, ya muhogo, ya Ramadhani, ya mnada. Ukikuta kila mama yuko nyumbani, ogopa, usishangilie. Ukimkuta baba amempakata mtoto, subiri mkewe aseme jambo kutoka jikoni, kisha ndipo uandike. Na ukishaonyeshwa kwa macho yako kwamba umekosea, usiseme "asante sana" ndani ya gari. Isemee ukumbini, mbele ya mwenyekiti, jina lako likiwa juu ya jalada. Upole usiofika ukumbini ni woga uliooga na kuvaa vizuri.

Dokta yupo, ameendelea vizuri. Ripoti nayo ipo; naona mnaitaja kwenye maandiko yenu mapya kuhusu akina baba wa ziwani. Mnaitaja bila kujua, sasa mmejua.

Mwezi wangu wa kwanza wa kustaafu, timu mpya ilikwenda kijijini kwa Mama Kabura na vishikwambi na fulana zenye nembo. Neema ndiye sasa msimamizi. Alinipigia simu kutoka kulekule, sauti ya kubembeleza.

"Shikamoo mama. Mama yetu, tusaidie. Wamegoma."

"Marahaba. Nani wamegoma?"

"Wanawake wote. Hakuna anayefungua mlango. Wametutuma kwa Mama Kabura, naye hataki kuanza kujibu. Wewe wanakusikia, zungumza naye."

"Leo mwezi uko wapi, Neema?"

 Nikasikia anatoka nje kuangalia, ingawa ilikuwa mchana.

"Mama, ratiba ilipangwa makao makuu."

"Mpe simu."

Simu haikufika sikioni mwa Mama Kabura. Nilimsikia kwa mbali, ile sauti ya kushindana na mawimbi, na Neema akimjibu kwa adabu kwamba kibali wanacho, kimesainiwa mpaka wilayani, hiki hapa na mhuri wake.

"Mwanangu, kibali cha kuuliza mnacho, nimekiona, ni kizuri," Mama Kabura akasema. "Cha kujibiwa nitawapa mimi. Rudini giza likiingia, kila mmoja na mikono mitupu. Watoto wapo wengi wa kushika."

Neema akarudi kwenye simu. "Mama, umesikia anavyosema?"

"Nimesikia," nikamwambia. "Washeni gari mrudi mjini."